Njaa Iliyoandikwa Hasira

Mwaka 2013, katika kambi ya Mugunga, magharibi mwa mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, niliajiriwa kwa siku tatu kuwa mkalimani wa mgeni aliyekuja kuangalia maisha ya wakimbizi wa ndani. Mama mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe la lava, mtoto mgongoni, sufuria tupu miguuni. Akasema: "Andika, papa. Batu yote hapa beko na njaa." Nikamgeukia mgeni nikamwambia kwa Kiingereza kwamba watu wote hapa wako "hungry". Hivyo ndivyo nilivyoamini nimesema. Mgeni akaandika, kisha akaniuliza wamemkasirikia nani: serikali, askari, au mashirika ya misaada? Nikachungulia daftari lake. Alikuwa ameandika "angry".

Tulirekebisha palepale. Lakini sijaacha kuifikiria dakika ile, kwa sababu mama yule hakuwa na mtu mwingine wa kumfikishia neno lake, na neno lake lilipotea kati ya ulimi wangu na sikio la mgeni. Tangu wakati huo nimefundisha Kiingereza hapa Goma jioni baada ya jioni, na kila mwaka naona wazi zaidi kwamba walimu tunapigana na makosa yasiyo na madhara, huku yale yanayogeuza njaa kuwa hasira tukiyaacha yapite.

Hebu tulifungue kosa langu. Sisi wa Goma tukiongea Kiswahili chetu, sauti ya h mara nyingi huanguka njiani. Tunasema "anaitaji", tunasema "apana", na aliyesoma anajua kuandika h hizo bila kuzitamka. Kifaransa, lugha tuliyosomea shuleni, nacho huandika h kisha huinyamazia. Kwa hiyo h ya "hungry" ilikwisha kuanguka kabla sijafungua mdomo. Ikabaki irabu. Waingereza wana irabu moja fupi ya katikati ya mdomo kwa "hungry", na nyingine ya mbele, iliyo kati ya a yetu na e yetu, kwa "angry". Kiswahili kina irabu tano tu, na zote mbili hizo huangukia kwenye a. Ukiondoa h, ukaunganisha irabu, maneno mawili yanakuwa neno moja: angri. Ndugu yangu wa Dar es Salaam, ambaye irabu zake ni tano kama zangu, angesema "hangri", na h ile moja ingemwokoa.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mgeni mwenyewe. Alikuwa amesimama kambini, mbele ya mama mwenye sufuria tupu, mkono wa mama ukiwa juu ya tumbo. Kila kitu machoni pake kilisema njaa. Aliliamini sikio lake kuliko macho yake, na hakuuliza, "Umesema nini?" Aliendelea tu na swali linalofuata. Kosa lilikuwa la watu wawili, ingawa aibu niliibeba peke yangu njia nzima ya kurudi mjini.

Katika Kiswahili chetu, mtu akitaka kujua kama unaelewa lugha fulani, hakuulizi kama unaielewa. Anakuuliza: "Unasikia Kiingereza?" Kusikia ni kuelewa, neno ni moja. Ni matumizi ninayoyapenda, lakini yanaficha jambo ambalo wachunguzi wa lugha wamelazimika kulitenganisha. Mwaka 1995 Murray Munro na Tracey Derwing, wa Kanada, waliwachukua watu wanaozungumza Kiingereza tangu utotoni, wakawasikilizisha sauti za watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kichina cha Mandarin. Waliwapa kazi tatu. Kwanza waandike neno kwa neno walichosikia. Pili waseme ilikuwa rahisi au ngumu kiasi gani kuelewa. Tatu waseme lafudhi ni nzito kiasi gani. Majibu hayakwenda pamoja. Sentensi nyingi ziliandikwa bila kosa hata moja, na bado wasikilizaji walewale wakasema msemaji ana lafudhi nzito sana. Maana yake, mtu anaweza kukusikia vizuri kabisa, akaandika kila neno lako, kisha akakulalamikia.

Natamani kila mwalimu wa Kiingereza wa mji huu aujue utafiti huo kabla ya kuingia darasani kesho. Nenda Himbi, nenda Katindo, usimame nje ya dirisha la darasa la jioni. Utasikia vijana thelathini wakitoa ulimi katikati ya meno: think, thank, three, Thursday. Saa nzima. Wanalipa pesa kwa saa hiyo, na wengine wanatembea kwa miguu kutoka Ndosho ili wabaki na nauli ya kulipia somo. Nakiri th ni ngumu kwetu. Watu wa pwani wanayo katika thelathini na thamani. Sisi tunasema salasini na samani, na dhahabu yetu ni zahabu. Lakini ugumu wa sauti hauipi umuhimu.

Jennifer Jenkins, mwanaisimu wa Uingereza, alitoa kitabu mwaka 2000 baada ya kuchunguza mazungumzo ya watu ambao Kiingereza si lugha ya kwanza kwa yeyote kati yao. Alitafuta pale mazungumzo yalipokwama, akauliza ni sauti gani iliyoyakwamisha. Sauti za th hakuziweka miongoni mwa mambo ya lazima. Na si ajabu. Dublin watu wengi hutamka "three" karibu sawa na "tree". London kuna waliozaliwa na kukulia humo wanaosema "fink" badala ya "think", na hakuna anayewapeleka shule ya jioni. Ushahidi mzito kuliko yote nauona angani. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka namna moja ya kutamka tarakimu kwenye redio, ili rubani wa taifa lolote asikike na mwongozaji wa ndege wa taifa lolote. Katika orodha hiyo 3 hutamkwa "tree", na elfu hutamkwa "tousand". Pale ambapo kutoelewana kunaweza kuua watu mia mbili, wenye kazi hiyo waliitupa th. Sisi tunaiabudu.

Kitu gani basi kinastahili ile saa ya vijana wetu? Jibu langu ni mkazo wa neno, yaani silabi ipi ya neno inabeba uzito wa sauti. Nasema hivyo nikijua kwamba Jenkins mwenyewe hakuuweka katika orodha yake ya lazima. Hapo natofautiana naye, na sababu zangu zinatoka Goma.

Msikilizaji wa Kiingereza hupokea mto wa sauti usio na nafasi kati ya maneno, kama mto wowote wa lugha. Lazima aukate mahali fulani ili apate maneno. Anne Cutler, aliyeichunguza kazi hiyo ya sikio kwa miaka mingi, alionyesha pamoja na David Carter mwaka 1987 kwamba katika mazungumzo ya kawaida ya Kiingereza karibu maneno 9 kati ya 10 yenye maana kamili huanza na silabi nzito. Kwa hiyo sikio la Mwingereza limejifunza tangu utotoni: ukisikia silabi nzito, kata hapo, neno jipya limeanza. Sisi tuna kazi kama hiyo upande wa pili. Silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo nzito kwetu, nayo hutuambia neno linakaribia kuisha. Vitabu vya sarufi vina mfano wake mzuri: ukisema baraBAra, tunaona njia ya magari; ukisema baRAbara, mtu anamaanisha sawasawa kabisa. Herufi hazijabadilika hata moja.

Sasa mchukue kijana wa Goma mwenye neno "hospital". Mwingereza huweka uzito mwanzoni. Kijana ana mabwana wawili. Kiswahili kinamwambia aweke uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: hosPItal. Kifaransa kinamwambia uzito unakaa mwishoni: hospiTAL. Yeyote atakayemtii, uzito umehama kutoka mwanzo kwenda kulia. Vivyo hivyo "manager", vivyo hivyo "company", vivyo hivyo "policy", maneno ambayo katika mji wenye mashirika mengi kama wetu hayapiti hata dakika tano bila kutajwa. Na John Field, mwaka 2005, alijaribu jambo hilohilo: aliwasikilizisha watu maneno ya silabi mbili ambayo uzito wake umehamishwa, wengine wakiwa wazawa wa Kiingereza na wengine wageni wa lugha hiyo. Uzito uliohamia kulia uliharibu kusikika zaidi ya ule uliohamia kushoto, na kwa makundi yote mawili. Lugha zetu mbili zinatusukuma upande uleule unaoumiza. Sijaona kitabu cha Kiingereza kinachouzwa katika mji huu kinachomwambia Mkongo jambo hili, na kwangu ndilo la kwanza.

Baada ya mkazo naweka h, kwa sababu ya Mugunga. Kisha irabu ndefu na fupi, kwa kuwa kati ya "live" na "leave" kuna tofauti ya mtu anayetaka kuishi mahali na mtu anayetaka kuondoka hapo, na swali hilo wengi wetu tumeulizwa tukiwa mbele ya meza yenye faili. Kisha r na l kwa wanafunzi ambao lugha zao za nyumbani haziziweki mbali. Mengine yanaweza kusubiri. Ile tabia yetu ya kutamka kila irabu kikamilifu, bila kuimeza kama wanavyoimeza Waingereza, mimi siigusi kabisa. Kwa msikilizaji wa Kampala au wa Nairobi ni msaada.

Na hapo ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa msikilizaji. Kiingereza cha kijana wa Goma kinakwenda kwa nani? Ukivuka mpaka wa Petite Barrière asubuhi uko Gisenyi, Rwanda, katika nchi iliyoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza. Wafanyabiashara wetu wanakwenda Kampala. Tangu 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi walinda amani wa Umoja wa Mataifa mjini hapa walikuwa Wahindi, na vijana waliouza mboga karibu na kambi zao walijifunza kukisikia Kiingereza cha India vizuri kuliko cha filamu za Marekani. Wengi wa watu hao hawakuzaliwa na Kiingereza. Tena mwaka 1979 Larry Smith na Khalilullah Rafiqzad waliwasikilizisha watu wa nchi nyingi sauti za wasemaji wa Asia na za Mmarekani, wakakuta kwamba Mmarekani alikuwa miongoni mwa wasioeleweka vizuri. Mwaka 2003 Tessa Bent na Ann Bradlow walikuta kwamba kwa msikilizaji mgeni wa Kiingereza, msemaji mgeni aliyekomaa katika lugha na aliyetoka lugha moja na yeye huweza kueleweka sawa na mzawa. Yule anayebandika ukutani tangazo la kufundisha "lafudhi ya Marekani kwa miezi mitatu" anawauzia vijana dawa ya ugonjwa ambao wengi wa watakaowasikiliza hawana.

Sikio pia hujifunza, na hujifunza upesi ajabu. Constance Clarke na Merrill Garrett walionyesha mwaka 2004 kwamba msikilizaji anayekutana na lafudhi ngeni huelewa polepole mwanzoni, lakini ugumu huo hupungua ndani ya dakika moja, baada ya sentensi chache tu. Dakika moja! Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja, fundi wa maji, kijana aliyewahi kuongoza ujenzi wa vyoo na mabomba katika kambi mbili na kuandika ripoti zake zote kwa Kiingereza. Alipigiwa simu ya usaili na shirika ambalo sitalitaja. Waliomsaili walikuwa nchi nyingine, mtandao ukikatikakatika. Swali la kwanza lilikuwa ajieleze. Akajieleza, kwa wasiwasi na kwa haraka, kama kila mtu katika swali la kwanza. Simu haikumaliza dakika kumi. Barua ikaja ikisema mawasiliano yake ya mdomo hayatoshi. Dakika ambayo masikio yao yalihitaji kumzoea ndiyo dakika waliyoitumia kumhukumu. Hadi leo nikipita kwenye mabomba aliyoyatandika, maji yanatoka.

Zipo sababu nyingine za kuogopa hukumu za namna hiyo. Donald Rubin, huko Georgia nchini Marekani, aliwasikilizisha wanafunzi wa chuo kikuu mhadhara mmoja uliorekodiwa na Mmarekani mzawa. Wengine walionyeshwa picha ya mwanamke mzungu, wengine ya mwanamke mwenye sura ya Asia. Sauti ni ileile. Waliotazama sura ya Asia walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwapo, na wakaukumbuka mhadhara kwa uchache zaidi. Hiyo ilikuwa mwaka 1992. Mwaka 2010 Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chicago waliwauliza watu kama maneno fulani ni kweli au si kweli, mambo madogo ya maarifa ya kawaida. Yaliposemwa kwa lafudhi ya kigeni yaliaminiwa kidogo zaidi, hata pale wasikilizaji walipojua kwamba msemaji anasoma tu alichoandikiwa. Kwa maelezo yao, ugumu wa kuisikia sauti hugeuka, bila msikilizaji kujua, kuwa shaka juu ya ukweli. Wasikilizaji walipoonywa mapema juu ya hilo, lafudhi nyepesi haikuwaponza tena wasemaji. Lafudhi nzito iliendelea kuwaponza.

Fikiria jambo hilo mbele ya afisa anayeamua kama hadithi ya mkimbizi ni ya kweli. Mama amepoteza watu wake, anaeleza kwa Kiingereza alichojifunza kambini Uganda, na kila h iliyoanguka inapunguza chembe ya imani upande wa pili wa meza. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ndiyo maana linatisha.

Wasomaji watasema namlaumu mgeni ili nimwachie mwanafunzi alale. Sivyo. Wanafunzi wangu wanajua jinsi ninavyowasumbua kwa ajili ya "hospital". Wala sisi si wasikilizaji wema. Mtu akishuka kutoka Masisi au Rutshuru na Kiswahili chenye sauti ya nyumbani kwao, wangapi kati yetu tunacheka? Hapa kwetu tunajua pia jinsi matamshi ya mtu yanavyotumika kumuuliza ametoka wapi kabla ya kumuuliza anataka nini. Sikio lenye dharau tunalo wenyewe, katika lugha yetu wenyewe.

Ninachodai ni kugawana mzigo kama wanavyogawana watu wa ndege. Tangu 2008 rubani wa safari za kimataifa hutakiwa kufikia angalau ngazi ya 4 ya Kiingereza cha usafiri wa anga. Ngazi hiyo inakubali waziwazi kwamba matamshi yatakuwa na athari ya lugha ya kwanza. Inachokataza ni athari hiyo kuvuruga kueleweka mara kwa mara. Tena haikuishia kwa msemaji. Rubani akipewa ruhusa ya kutua au kupaa, lazima airudie kwa mdomo wake, na mwongozaji asikilize marudio hayo na kusahihisha. Hakuna anayehesabiwa kwamba amesikia hadi aonyeshe alichosikia. Laiti mgeni wa Mugunga angeniambia, "Unasema watu wamekasirika?" kabla kalamu haijagusa karatasi, tungemaliza kwa sekunde tatu.

Mashirika yanayosaili watu wetu yanaweza kufanya vivyo hivyo kesho asubuhi, bila senti. Dakika mbili za kwanza ziwe za maongezi yasiyopewa alama: safari ilikuwaje, mvua imenyesha kwenu? Masikio yazoee. Kisha anayesaili arudie kwa maneno yake jibu alilolisikia, kabla ya kulipima. Na kama kazi ni ya mabomba na ripoti, lafudhi isiwe na mstari wake katika fomu. Waandike tu kama walielewa au hawakuelewa, na ni neno gani walilolikosa. "Mawasiliano hayatoshi" haimfundishi kijana kitu. "Hatukusikia neno 'policy' mara nne" ingemfundisha jioni ileile.

Darasani kwangu th imepewa dakika tano kwa wiki. Tunaanza na kiganja. Kila mmoja anakiinua mbele ya mdomo na kusema "hungry" hadi asikie joto la pumzi mkononi, kisha "angry", ambapo kiganja lazima kibaki baridi. Baadaye wanakaa wawili wawili, migongo ikigusana ili wasionane nyuso. Mmoja anasema sentensi. Wa pili haruhusiwi kujibu kabla ya kurudia alichosikia, na akikosea, wote wawili wanaandika kosa hilo katika daftari moja.